Mwenda Jean Bosco: Vidole viwili vilivyoifundisha Kenya gitaa

Ukitoka Lodwar ukaenda Kakuma, zile kilomita kama 120 za jua na vumbi, kuna kitu utakiskia sokoni kabla hujashuka kwa gari vizuri. Mkongomani anauliza bei, anasema bintu badala ya vitu, na kijana wa Kenya aliyesimama karibu anacheka. Si kucheka kwa ubaya sana, lakini ni kucheka. Ati hicho ni Kiswahili gani? Halafu sisi wenyewe wa Lodwar, Mtanzania akitusikia tunavyoongea anashika kichwa, ila hiyo tunaisahau haraka.

Basi kaa hapo kidogo nikupe stori ya jamaa aliyeimba kwa Kiswahili cha hukohuko Kongo, na wapiga gitaa wa Kenya nzima, badala ya kumcheka, wakaanza kumuiga. Anaitwa Mwenda Jean Bosco. Alifariki 1990, kwa hivyo wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa hata tumezaliwa. Lakini kama una mzee wa miaka 75 kwenu, hasa mzee aliyewahi kuwa na redio Nairobi au Kakamega, mtajie jina hilo tu. Utaona uso ukibadilika.

Najua kuna kikundi chenu hapa mnaopenda blues. Mnaniandikia kuhusu Robert Johnson na Mississippi John Hurt, mzee mmoja na gitaa moja, kidole gumba kikitembeza besi huku vidole vingine vikiimba juu. Raha sana, sina ubishi. Ila huwa nashangaa tunavyovuka bahari yote mpaka Mississippi kutafuta kitu ambacho kiko hapa jirani, tena kwa lugha tunayoielewa bila tafsiri. Bosco si blues, wacha nisikudanganye. Hana ile huzuni ya nyuzi zinazolia kama mtu. Lakini ule ujanja wa mtu mmoja kusikika kama bendi anao, na kwa maoni yangu anao kuliko hata hao wazee wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1930, Bunkeya, Katanga, kusini kabisa mwa Kongo. Hapo Bunkeya si kijiji cha hivihivi. Ndipo palipokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye asili yake ni Unyamwezi, Tanzania ya leo. Watu wake walikuja na biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, wakabaki, wakatawala. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji na uliotembea kwa miguu kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, ulifika kwa Msiri ukitaka apeperushe bendera yao. Akakataa. Akapigwa risasi mwezi Desemba mwaka huohuo. Bosco ni mtoto wa Bayeke, na baadaye maishani akajiita hivyo kabisa: Mwenda wa Bayeke.

Kwa hivyo Kiswahili cha kule hakikuanguka kutoka angani. Kilifika kwa miguu na wafanyabiashara, halafu migodi ikakisambaza. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilihitaji watu wa kuchimba shaba, ikawaleta kutoka kila upande: Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Wote wakawekwa kwenye kambi za wafanyakazi. Mtu amelala chumba cha pili na hamwelewani lugha ya mama. Mtaongeaje? Mtaongea Kiswahili, na kila mmoja atakipinda kidogo kulingana na ulimi aliotoka nao nyumbani.

Kambi. Watu wa mataifa mengi. Kiswahili cha kuokoteza. Unaanza kuona kwa nini huyu jamaa ananihusu nikiwa huku Turkana? Kakuma ilianzishwa 1992 kwa vijana waliokimbia vita Sudan, na leo kuna Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia, na Waturkana wenyewe wakiwa katikati na pembeni kwa wakati mmoja. Tofauti ni kubwa, usinielewe vibaya. Mchimba madini wa Katanga alikuwa na mshahara, hata kama ulikuwa mdogo. Mkimbizi wa Kakuma ana kadi ya chakula na sheria ya kutotoka nje ya kambi bila kibali. Lakini kwa upande wa lugha na muziki ni mchanganyiko wa aina moja kabisa. Ndani ya mchanganyiko kama huo ndipo gitaa kavu la Katanga lilipozaliwa, kwa sababu gitaa lilikuwa bei nafuu, linabebeka, na halina kabila.

Twende 1952. Bosco ana miaka 22 hivi, yuko Jadotville, mji wa migodi ambao sasa unaitwa Likasi. Anakuja mzungu mmoja na gari lenye mashine ya kurekodi. Huyo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na aliyetumia karibu maisha yake yote akizunguka bara kurekodi muziki. Hata huku Kenya alipita. Mwaka 1950 alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe wanayemwita Chemirocha, na ukichunguza jina hilo unakuta ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Hiyo ni stori nyingine ya siku nyingine, lakini ona vile gitaa na santuri zilikuwa zinatembea dunia kabla ya intaneti.

Tracey akamrekodi Bosco. Wimbo mmoja kati ya hizo rekodi ndio uliobadilisha kila kitu. Unaitwa Masanga.

Sasa hapa nataka utulie. Vaa spika za masikio, zile nzuri, si zile za shilingi mia. Tafuta Masanga ya 1952 na uskize mara ya kwanza bila kufanya kitu kingine. Utadhani ni watu wawili. Kuna mtu anapiga besi chini, tulivu, kama mtu anayetembea bila haraka, na kuna mwingine juu anarukaruka, anajibu, anakatiza, anarudi. Halafu utaambiwa ni mtu mmoja. Halafu utaambiwa ni vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Mimi nilirudia mara nyingi sana nikitafuta kidole cha tatu. Hakipo.

Mara ya pili, fuata gumba peke yake. Achana na kila kitu kingine. Gumba linapiga nyuzi nene na halikimbii. Mara ya tatu, fuata kidole cha shahada. Huko ndiko kuna maneno. Kinashusha sauti kama mtu anayeteremka ngazi, halafu kinasimama mahali ambapo hukutarajia. Ukijaribu kupiga makofi utagundua shida: kuna saa unahisi ni mbilimbili, kuna saa unahisi ni tatutatu, na zote mbili ni sawa. Wale mliokulia na ngoma za kwetu hamtapata shida. Nimeona Waturkana wakicheza edonga, wanaruka kwa mpigo mmoja na kuimba kwa mwingine, na hakuna anayepotea. Mwili unaelewa, ni hesabu tu inayokataa.

Na kitu kingine: hajirudii. Unadhani amerudi pale alipoanzia, kumbe amebadilisha kitu kidogo, ameongeza noti moja, ameondoa nyingine. Mtaalamu mmoja wa London, David Rycroft, alikaa chini mwanzoni mwa miaka ya 60 akaandika hayo mabadiliko noti kwa noti na kuyachapisha katika jarida la African Music. Fikiria hiyo. Kijana wa kambi ya migodi anapiga gitaa anavyojiskia, na msomi mzima huko Uingereza anatumia kurasa na kurasa akijaribu kuelewa kilichotokea kwa dakika tatu. Na wale wanaosema muziki wa Kiafrika wa zamani ni kurudiarudia tu, sijui huwa wanaskiza nini.

Rekodi hizo zilitoka kwenye santuri za Gallo, kampuni ya Afrika Kusini, kwa lebo ya Gallotone. Kampuni hiyohiyo ilikuwa inatengeneza magitaa ya bei rahisi yenye jina hilo. Moja lilifika Liverpool, likawa gitaa la kwanza la kijana anayeitwa John Lennon. Ndio, huyo wa Beatles. Kwa hivyo ukitaka kubishana na mtu kuhusu Afrika na roki, anzia hapo.

Santuri za Bosco zilisafiri kutoka Katanga mpaka Rhodesia, Tanganyika, Uganda, Kenya. Na kwa sababu aliimba kwa Kiswahili, kila mahali zilipofika watu walielewa. Si kila neno, lakini vya kutosha. Lafudhi yake ya Katanga, hiyo tunayoicheka sokoni Kakuma, haikumzuia hata kidogo. Nahisi ilimsaidia. Kwa mtu wa Nairobi ya miaka ya 50 sauti hiyo ilikuwa ya mbali na ya karibu kwa pamoja, kama binamu aliyekulia nchi nyingine.

Mwisho wa miaka ya 50 na kuingia 60, Bosco akaja mwenyewe. Aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha kawaida redioni, na gitaa lake likatumika kutangaza Aspro, ile dawa ya maumivu ya kichwa. Binamu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hatari kutoka Katanga, pia alifanya kazi Nairobi nyakati hizo. Usidharau matangazo. Kwa mtu wa wakati huo, tangazo la Aspro lilikuwa kama vile leo msanii kupata dili ya kampuni ya simu. Redio moja ilikuwa inaskizwa na nyumba kumi, na kila siku gitaa la Bosco linapita.

Vijana wenye magitaa wakakaa karibu na redio, masikio wazi. Hakukuwa na video ya kukuonyesha kidole kiko wapi. Unaskia mara moja, ikipita imepita, unasubiri kesho. Ndivyo kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilivyojifunza. Magharibi mwa Kenya tayari kulikuwa na watu wenye mikono mizuri, kama George Mukabi na mtindo wa omutibo, gumba na kidole, na chupa ya soda inagongwa pembeni. Sisemi Bosco ndiye aliyewapa kila kitu, hiyo itakuwa kuwadharau. Lakini ukiskiza gitaa kavu la Kenya la miaka ya 60 baada ya kuskiza Masanga, utajua ni watu waliokuwa kwenye mazungumzo na yeye. John Low, mpiga gitaa na mtafiti wa Uingereza, alipoandika historia ya gitaa la Kenya ya 1945 hadi 1980, hangeweza kumkwepa Mkongomani huyo.

Kumbuka pia ni miaka gani hiyo. Kenya bado ni koloni. Huku kwetu Lodwar palikuwa mahali pa kufungia watu. Jomo Kenyatta mwenyewe aliletwa hapa 1959 baada ya kumaliza kifungo Lokitaung, akakaa mpaka 1961. Na Katanga kwa kina Bosco moto ulikuwa umewaka: Julai 1960 jimbo likajitenga na Kongo, Januari 1961 Lumumba akauawa kwenye ardhi hiyohiyo ya Katanga. Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alikuwa wa ukoo wa Msiri. Yaani siasa chafu ilikuwa mlangoni kwa Bosco kabisa. Ukiskiza nyimbo zake hutaiskia. Wengine wanaweza kumlaumu kwa hilo. Mimi nasita, kwa sababu mtu anayetoka mahali pa vita si lazima kila mara aimbe vita, na nadhani hapo Kakuma kuna watu wengi wangeelewa hivyo bila kuelezewa.

Alirudi nyumbani. Na hapa ndipo stori inakuwa ya kawaida kwa namna inayouma. Huyu ni mtu ambaye wimbo wake ulijulikana nusu ya bara, na bado alihitaji kazi nyingine ili aishi. Alifanya kazi benki. Alifanya kazi kampuni ya madini, Gécamines, ambayo ndiyo Union Minière iliyotaifishwa. Akawa na bendi ya dansi, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Biashara ya santuri ya miaka hiyo ilikuwa hivi: unaimba, unalipwa kidogo, wimbo unaondoka, na wewe unabaki na gitaa lako. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Jean Bosco anafahamika kama Mwenda wa Bayeke.

Nje walikuwa hawajamsahau. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, tamasha la Newport, jukwaa lilelile ambalo Mississippi John Hurt alipandishwa 1963 baada ya kusahauliwa miaka 35. Mkulima mzee wa Mississippi na mfanyakazi wa migodi wa Katanga, kila mmoja na gumba lake. Natamani sana wangekutana, lakini Hurt alikuwa amefariki 1966. Mwaka 1979 John Low alisafiri mpaka Shaba, jina jipya la Katanga wakati huo, kwenda kukaa miguuni pa Bosco, Masengo na Losta Abelo ajifunze. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Mwaka 1982 Bosco alikuwa Ujerumani akipiga na kurekodiwa tena. Mwaka 1988 alifika Cape Town akarekodi albamu nzima studio, akiwa na miaka 58.

Septemba 1990 akafa kwenye ajali ya gari Zambia. Miaka 60. Barabara, jamani. Sijui ni wasanii wangapi wa upande wetu wa dunia barabara imetuchukulia.

Kwa hivyo sauti yake iko wapi leo? Rekodi za Tracey ziko kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954, sasa ipo Makhanda, Afrika Kusini, na baadhi zimetolewa upya kwenye CD na mtandaoni. Zile za 1982 zilitolewa na jumba la makumbusho la Berlin. Yaani ukitaka kumskia vizuri mtu wa Bunkeya aliyeimba Kiswahili, njia inapita Ujerumani na Afrika Kusini. Siwalaumu waliohifadhi. Bila wao tusingekuwa na chochote. Ila najiuliza nani anahifadhi kinachopigwa leo. Makanisa ya Wakongomani Kakuma yana wapiga gitaa ambao ukiwaskia Jumapili unasahau njaa. Kalobeyei ni hivyohivyo. Wengine ni wa Kivu, si Katanga, na sebene yao ni ya umeme si kavu, lakini gumba ni lilelile. Wengi wao wanasubiri kuhamishiwa Kanada au Australia, na siku jina likitoka wanaondoka na muziki wao. Simu uliyoshika sasa hivi inarekodi vizuri kuliko lile gari lote la Tracey. Ukienda huko, omba ruhusa, andika jina la mpigaji na tarehe, rekodi wimbo mzima na si sekunde 15 za kuweka kwa stori yako. Na mtumie nakala.

Kwa wale wenye bando dogo, hivi ndivyo ningefanya. Masanga ya 1952 kwanza, mara tatu kama nilivyosema. Halafu Bombalaka, uone kwamba Masanga haikuwa bahati. Baada ya hapo ruka moja kwa moja mpaka albamu ya Cape Town ya 1988, uskie kijana yuleyule akiwa mzee, na uamue mwenyewe nani unampenda zaidi. Mimi nampenda kijana, lakini ni kwa nywele moja tu. Na kama una gitaa, hata lile la jirani lenye nyuzi tano, kunja vidole vitatu vya mkono wa kulia uvifungie ndani ya kiganja, ubaki na viwili. Punguza kasi ya video mpaka nusu. Anza na gumba peke yake, wiki nzima ikibidi.